Upepo Kutoka Upande wa Baba

Jumatatu, 3 Machi

Baba amecheka tangu nilipofunga kamba za viatu mpaka nilipofika getini. "Yaani mtoto wa mkulima, mjukuu wa mkulima, analipwa afundishwe kushika jembe! Hii dunia imekwisha." Nikamwambia siendi kufundishwa jembe. Naenda kufundishwa kusimamia shamba la mboga lisilotumia sumu wala mbolea ya kiwandani, kwa msimu mzima wa mvua, na nikifaulu nitabaki pale kama msimamizi msaidizi. "Ukifaulu," akasema. "Kwani siku hizi mchicha unatoa mtihani?"

Acha acheke. Tangu duka nililokuwa nauza lifungwe nimekaa nyumbani kwake kama mgeni asiyejua kuaga, na yeye hajawahi kunisema kwa hilo hata siku moja. Kwa mengine yote ananisema.

Shamba lenyewe liko jirani. Kati yake na la Baba kuna mfereji na safu ya matete, basi. Msimamizi ni mama mmoja mfupi, mkali, anayeongea polepole. Wafanyakazi humwita Mama Mboji akiwa hayupo, na akiwepo humwita Mama. Leo alinishika mkono akauzamisha ndani ya lundo la majani na samadi mpaka kwenye kiwiko. Nikapiga ukelele, kulikuwa na moto humo ndani. "Ikikuunguza, iko hai," akasema. "Ikipoa kabla ya wakati, kuna mtu alifanya uvivu." Nimepindua lundo hilo hadi mchana pamoja na mfanyakazi wa zamani wanayemwita Redio, kwa kuwa haizimwi. Ameniambia habari za watu nisiowajua na magonjwa yao.

Mama Mboji anataka mwanafunzi aandike kumbukumbu za kazi kila siku. Zile ziko ofisini. Hizi ni zangu.

Alhamisi, 6 Machi

Mikono imetoka malengelenge. Baba ameyaona, akacheka.

Jumanne, 11 Machi

Leo Mama Mboji amenitembeza mpakani, yeye mbele mimi nyuma, hadi mwisho wa matete. Akaniambia nisimame nihisi upepo uko wapi. Nikahisi. Ulitoka kwetu.

"Asubuhi umetulia," akasema. "Mchana unatoka kwa baba yako kuja kwangu. Shamba hili linauza kwa sababu ya cheti cha mboga zisizo na sumu, na mkaguzi wa cheti anakuja mvua zikiisha. Sumu ikipeperuka hapa nikaificha, mimi ni mwongo. Nikiisema, napoteza kipande chote hiki kwa miaka miwili."

Kumbe aliwahi kumwendea Baba, akamwomba apulizie dawa alfajiri tu, au aiache mistari ya kabichi iliyo karibu na mfereji. Baba akamjibu kwamba upepo si mbuzi wake amfunge kamba. Nilitaka kucheka nikajizuia, maana nilimsikia kabisa akilisema.

"Sikukuchukua kwa sababu ya baba yako," akaniambia, "wala sitakufukuza kwa sababu yake. Ila ukiona kitu mpakani, mimi niwe wa kwanza kujua. Sawa?"

Nikasema sawa. Nilisema haraka, kama mtu anayepewa kazi.

Jumapili, 16 Machi

Jioni, tukila, nilimweleza Baba jinsi tunavyofukuza viwavi pale shambani: kitunguu saumu kinatwangwa, pilipili kali, sabuni kidogo, vinalala usiku mmoja kwenye maji, vinachujwa, vinapuliziwa. Aliweka kijiko chini.

"Mnawatia viungo. Mnataka kuwapika?"

"Baba, inafanya kazi."

"Wanakufa?"

"Hawafi wote. Wengi wanakimbia."

"Wanakimbilia wapi?"

Nikafikiri. "Kwako," nikasema.

Ah! Alicheka mpaka akakohoa, akashika meza, machozi yakamtoka, nami nikacheka kwa kumwona yeye. Sikumbuki mara ya mwisho tulipocheka hivyo. Halafu akaniuliza kitunguu saumu ni kiasi gani kwa ndoo moja, nikadhani anaendelea na mzaha, nikamwambia amuulize mpishi.

Jumatano, 19 Machi

Mvua. Tumeshinda ghalani tunasafisha trei za miche. Redio ameongea mpaka bati likachoka.

Jumamosi, 22 Machi

Nimepewa matuta yangu! Mama Mboji amesema mtu hajifunzi kusimamia shamba kwa kutazama, kwa hiyo matuta yote ya mpakani ni yangu msimu huu. Mimi ndiye nitakayeamua nini kifuate nini, lini kipandwe, kivunwe lini, na akija mkaguzi mimi ndiye nitakayeeleza. Nikiyafikisha salama, kazi ya msaidizi ni yangu. Nimepanda miche ya spinachi na saladi kwa kufuata kamba niliyoivuta, nikatandaza nyasi kavu udongo usipigwe na mvua.

Baba alikuwa ng'ambo amejiegemeza kwenye jembe, ananitazama juu ya matete. Baada ya muda mrefu akasema, "Kamba yako imepinda."

Nikasema haijapinda. Alipoondoka nikaipima. Ilikuwa imepinda, nikaing'oa nikaanza upya.

Ijumaa, 4 Aprili

Viwavi wameingia kwenye kabichi za Baba. Nimeona majani yametobolewa kama kichujio. Jioni nikamwomba, kwa upole kabisa, asipulizie upande wetu.

"Kwa hiyo nikae niwatazame wanavyonila?"

"Sijasema hivyo."

"Umesemaje, basi? Kabichi hizi ndizo zilizokusomesha. Hazikukusomesha kwa viungo."

"Baba, matuta yale ni yangu. Ukiyamwagia sumu, unanimwagia mimi."

Hilo lilimgusa, niliona. Akageuza uso. "Nitaona," akasema. Kwa Baba, "nitaona" ni neno lisilo na mlango, huwezi kuingia ukajua ndani kuna nini. Nimelala na hasira.

Jumatano, 9 Aprili

Siku mbaya. Naandika yote, nisije nikajidanganya baadaye.

Mvua ilikatika kabla ya adhuhuri, jua likatoka kali, upepo ukaanza. Nilikuwa nimeinama kwenye spinachi zangu, napunguza zilizosongamana. Zimekuwa nzuri mno, majani mapana yanang'aa, keshokutwa ndio ingekuwa mara ya kwanza kuyapeleka sokoni. Ndipo harufu ikanipiga. Ile harufu nzito, ya kuoza, inayokaa kooni. Nimekua nayo. Ilikuwa kwenye nguo za Baba kila msimu tangu nikiwa mtoto, mama yangu alikuwa akizifua peke yake kwenye beseni lake.

Nikasimama. Baba alikuwa mstari wa kwanza kabisa, ule ulio kando ya mfereji, bomba la kupulizia mgongoni, koti lake la mvua, kitambaa mdomoni. Upepo unatoka kwake kuja kwangu, unaubeba ule ukungu mweupe taratibu.

"Baba!" nikaita.

Akainua mkono. Kama mtu anayesema njoo, au anayesema nenda zako. Kwa mbali mkono ni mkono. Kisha akaendelea kupulizia.

Sikumwendea. Nilikimbia ofisini.

Mama Mboji alitoka na viatu vya ndani. Akafika mpakani, akavuta pumzi, nikamwona uso ukibadilika. "Umemwona kwa macho yako?"

"Nimemwona."

"Ni dawa ya dukani?"

"Mama, harufu hiyo nimelelewa nayo."

Redio alikuwa amesimama nyuma yetu na toroli. "Mama," akasema, "labda..."

"Labda nini?"

Akatazama toroli. "Hakuna kitu, Mama."

Kupima majani maabara, Mama Mboji alisema, ni ghali kuliko majani yenyewe, na shahidi aliyeona yupo. Atatoa taarifa kwa chama cha wenye vyeti, kipande hiki kitaondolewa. Kisha akaniambia ning'oe. Spinachi yote, saladi yote, isiende kwenye mboji, izikwe shimo la mbali. Nimeng'oa mwenyewe mpaka jioni. Redio alinisaidia na hakusema neno hata moja, nikadhani ni huruma.

Wakati wa kuondoka Mama Mboji alinishika bega. "Umefanya ilivyo sawa," akasema. "Najua si rahisi." Nami nikajisikia mkubwa. Hilo pia naliandika.

Alhamisi, 10 Aprili

Asubuhi nimeenda na Mama Mboji kwetu, kumwarifu Baba rasmi kwamba jina lake limeandikwa. Alikuwa ameketi kibarazani anachambua maharage. Hakusimama. Alimsikiliza Mama Mboji mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo hajawahi kumfanyia mtu. Kisha akanigeukia mimi.

"Wewe ndiye uliyesema?"

"Ndiyo, Baba."

"Ukasema nimepulizia nini?"

"Dawa."

"Dawa," akasema. Akachukua harage moja, akaligeuza, akalitupa. "Haya."

Mama Mboji akamuuliza kama ana lolote la kusema. "Mwenye pua amekwisha sema," Baba akajibu. "Mdomo wangu wa nini?"

Jumapili, 13 Aprili

Hanisemeshi. Anazungumza na paka. "Paka, mwambie huyo mtu wa cheti chai yake inapoa." Chai ananipikia lakini. Nami, mtoto wa nyoka ni nyoka, nikamwambia paka asante.

Ijumaa, 18 Aprili

"Paka, muulize huyo kama ameona kisu." Sijaona kisu.

Jumanne, 22 Aprili

Mvua siku nzima. Paka amelala. Hakuna aliyesema chochote.

Jumatatu, 28 Aprili

Kabichi za Baba zimepona. Zimefunga, ngumu, nzito, majani ya ndani hayana hata tundu. Kila siku napita kando ya matuta yangu, tumeyatupia mbegu za kunde yasibaki uchi, halafu natazama ng'ambo na roho inaniuma. Nikajisemea, ona sumu inavyolipa. Mama Mboji ananifundisha kupanga mzunguko wa mazao: jamii ya kabichi isirudi palepale, ifuatwe na jamii ya maharage, kisha mizizi. Amesema nina akili ya kupanga. Ningependa kumwambia Baba, nikakumbuka ni lazima nimwambie paka.

Jumamosi, 3 Mei

Leo nilimkuta Baba amesimama mlangoni kwangu. Alifungua mdomo. Nikangoja. Akaangalia miguu yangu, akasema, "Viatu hivyo vinaingiza maji," akaondoka. Maneno ya kwanza bila paka. Nilikuwa nimechelewa kazini, sikumfuata.

Jumanne, 6 Mei

Baba ameanguka. Nilimkuta asubuhi sakafuni kati ya kitanda na mlango, mdomo umekwenda upande, jicho moja linanitazama. Kiharusi. Redio ndiye aliyetafuta gari, akambeba mgongoni hadi barabarani. Siwezi kuandika.

Alhamisi, 8 Mei

Shangazi amefika, dada yake Baba. Amelia nje ya wodi, akaingia ndani akicheka, akamwambia, "Wewe mtu, si ulisema utanizika mimi?" Mkono wa kulia haufanyi kazi, mguu pia. Anaelewa kila kitu, daktari amesema. Ila maneno yamekwenda. Anafungua mdomo, unatoka upepo tu.

Jumatano, 14 Mei

Tumemrudisha nyumbani. Shangazi anamlisha uji. Mama Mboji amenipa ruhusa ya kuja kazini nusu siku. Nimekaa naye mchana nikamwambia habari zote za shamba, kila lundo, kila tuta, kwa kuwa sasa hawezi kunikatiza. Ningetoa chochote anikatize.

Jumamosi, 17 Mei

Redio alinifuata ghalani. Alivua kofia. Nikadhani anakuja kuuliza hali ya mgonjwa, nikaanza kujibu, akasema, "Dada, ngoja. Ngoja kwanza." Akakaa juu ya gunia.

"Mzee hakupulizia sumu," akasema.

Sikumwelewa.

"Siku ile. Ile ya spinachi. Ilikuwa kitunguu saumu na pilipili. Mimi ndiye niliyempa. Alikuja mpakani, mwezi wa tatu mwishoni, akaniuliza kipimo. Akasema ulimwambia lakini hakushika vizuri. Nikachota vitunguu humu stoo bila kumwambia Mama, nikampa. Nilimwambia kilale usiku mmoja. Yeye akakifunika kwenye debe, akakiweka juani siku nyingi, kikaoza. Alisema kikioza ndio kinakuwa dawa. Ile harufu ndiyo hiyo."

"Na bomba?"

"Alilisugua kwa majivu na sabuni, nilimwona, karibu siku nzima. Alitaka akuoneshe. Alisema atapulizia ukiwa pale pale, aone utasemaje."

Mkono. Ule mkono alioinua. Alikuwa ananiita.

Nilimshika Redio shati. Nilimtukana, sitaandika nilivyomtukana. Wewe unayeongea mchana kutwa habari za watu, hili moja ukalifungia kinywani? Alilia. Alisema aliogopa kufukuzwa kwa vile vitunguu, ana watoto. Baadaye, alipoona tumenuniana nyumbani, alimwendea Baba akamsihi: mzee, waambie. Baba akakataa, akamwapisha asiniambie.

"Alisemaje?" nikauliza.

"Dada, acha."

"Alisemaje?"

"Alisema, 'Ataniuliza mwenyewe. Ni mtoto wangu, siku moja ataniuliza.'"

Kuanzia tarehe tisa Aprili mpaka alfajiri aliyoanguka. Tukilala nyumba moja. Chai yake nikinywa. Sikumuuliza.

Jumapili, 18 Mei

Debe lipo nyuma ya banda lake, limebaki na mashapo chini. Nimelifunua. Ni harufu ile ile. Nimeketi chini kando yake mpaka Shangazi akaja kunitafuta.

Nilimweleza. Shangazi hakunigombeza, na ningependa anigombeze. Alisema, "Nyinyi wawili mna kichwa kimoja, mmegawana tu." Kisha akasema majuto ni mjukuu. Nikamwambia, Shangazi, leo usinipe methali. Akanipa kanga yake nijifute.

Jumatatu, 19 Mei

Nimemwambia Mama Mboji. Yote, pamoja na vitunguu vya Redio, naye alikuwa amesimama pale mwenyewe, kofia mkononi. Mama Mboji alikaa kwenye ukingo wa toroli kana kwamba amekatwa miguu. Hakumfukuza Redio. Alisema, "Mimi pia nilivuta ile hewa. Mimi mwenye miaka yote hii. Nikakuuliza wewe, sikumuuliza yeye." Alipofika pale kibarazani, alisema, uamuzi alikwenda nao tayari.

Nikauliza kama taarifa inaweza kufutwa, jina la Baba litoke. Akasema kanuni inataka aliyepulizia aeleze kwa kinywa chake, mbele ya mkaguzi, alipulizia nini. Maneno ya Redio hayatoshi, naye ni mfanyakazi wa shamba linalofaidika. Yangu mimi ndio kabisa. Nilikwisha kushuhudia kinyume.

"Mkaguzi anakuja Alhamisi," akasema Mama Mboji. "Nitamwomba aende nyumbani."

Alhamisi, 22 Mei

Mkaguzi ni binti mwenye miwani, mpole, viatu vyake vimejaa tope la shamba letu. Aliyakagua malundo, akakagua maji, akaniuliza maswali kuhusu mzunguko wa mazao nikamjibu yote, sijui nilijibu nini. Nilikuwa nimetoka kutwanga dawa ya viwavi, sikupata hata nafasi ya kunawa. Tukaenda kwetu.

Shangazi alikuwa amemkalisha Baba kwa mito, amemvalisha shati safi. Mkaguzi alivuta kigoda, akamwamkia, akamsalimia vizuri kama mtu anayetarajia kujibiwa. Akasema, "Baba, samahani kukusumbua. Tarehe tisa Aprili ulipulizia kabichi zako. Naomba uniambie, ulipulizia nini?"

Kumbe ni swali fupi hivyo.

Baba alimtazama. Mdomo ukafunguka, shingo ikakaza mishipa, jasho likamtoka. Upepo. Akajaribu tena. Shangazi akaanza kulia chini chini. Kisha Baba akaacha, akageuza kichwa, akanitazama mimi, na nikajua hata angekuwa na maneno yote ya dunia asingempa binti yule.

Nikapiga magoti pale kitandani. "Baba," nikasema, "ulipulizia nini?"

Mkono wake wa kushoto ukatoka kwenye shuka. Ukaushika wangu. Hauna nguvu, ilibidi niusaidie, sikujua unakwenda wapi. Akauvuta mpaka usoni kwake, akaviweka vidole vyangu puani. Akavuta hewa. Akavuta tena, amefumba macho. Nami harufu ya kitunguu saumu naisikia kutoka pale nilipo. Hakuniachia. Upande mmoja wa uso wake ulikuwa unacheka.

Mkaguzi alivua miwani akaifuta.

"Amejibu," nikamwambia.

"Nimeona," akasema. "Nimeona, dada. Lakini kanuni zinataka neno."

Ameandika kwamba jirani hakuweza kutoa maelezo. Shamba limepita ukaguzi, kipande cha mpakani kimeondolewa kwa miaka miwili, na jina la Baba limebaki palepale. Aliomba radhi mara nyingi mlangoni. Simlaumu. Yeye aliuliza.

Jumatano, 28 Mei

Baba amefariki leo asubuhi. Shangazi alikuwa naye. Mimi nilikuwa natoa maji kisimani.

Jumamosi, 31 Mei

Tumemzika. Mvua haikunyesha, ardhi ilikuwa laini. Redio alichimba na wengine, akarudi nyuma ya watu akasimama peke yake. Nilimwendea nikasimama naye.

Jumatano, 4 Juni

Paka hataki kula.

Jumatatu, 9 Juni

Mama Mboji ameniita ofisini. Kazi ya msimamizi msaidizi ni yangu, amesema, nianze nikiwa tayari. Aliniuliza nataka nini. Nikasema nataka yale matuta ya mpakani, yaliyofungiwa, niyalime mimi miaka yote miwili hata kama mboga zake zitauzwa kama mboga za kawaida. Na shamba la Baba nataka liingie kwenye hesabu ya kusubiri cheti pamoja nayo. Akaniuliza mara ya mwisho Baba kutumia dawa ya dukani ilikuwa lini. Msimu uliopita, nikasema. Akaandika bila kuniuliza nina ushahidi gani.

Shangazi ameondoka leo. Ameniachia kanga.

Alhamisi, 12 Juni

Viwavi wamerudi kwenye kabichi zilizobaki za Baba. Ningeweza kutengeneza dawa yetu ya shambani, ya usiku mmoja. Sikufanya hivyo. Nilikuwa nimejaza debe lake upya, kitunguu saumu na pilipili, nikalifunika juani tangu wiki ya mazishi, kwa kipimo chake, mpaka likaoza sawasawa. Leo nimelichuja kwa kitambaa, nikatia sabuni, nikavaa bomba lake mgongoni. Ni zito kuliko nilivyodhani. Nimeingia mstari wa kwanza, kando ya mfereji. Upepo ulikuwa umeanza, unatoka huku kwenda kule.

Nilikuwa nimefika katikati nilipomwona Mama Mboji ng'ambo ya matete. Ameziba pua kwa upindo wa nguo. Alisimama akanitazama, mimi na bomba, mimi na ule ukungu mweupe ukimwendea.

"Mwanangu," akaita. "Unapulizia nini?"

Nikafungua mdomo nimjibu. Halikutoka neno. Nikaketi chini kati ya kabichi, bomba mgongoni, nikalia kwa sauti, kama ambavyo sikulia hata siku ya mazishi. Mama Mboji hakwenda kokote. Alisimama palepale, ananingoja nijibu.